Ujumbe Uliosomwa kwa Sauti

Kwa miaka kumi na tisa nimekaa meza moja na Mama Nukta, tukisahihisha kurasa za gazeti kabla hazijapelekwa mtamboni. Yeye husoma kwa sauti, mimi hufuata kwa kalamu kwenye nakala ya mwandishi. Husoma kila kitu, hata alama: "Mkuu wa idara amesema koma kwa furaha koma kwamba hana habari nukta." Ndiko lilikotoka jina lake. Yeye hana shahada. Mimi ninayo, na mara nyingi nimejiuliza ilinifundisha nini ambacho mwenzangu hakijui.

Kazi yetu tumeanza kuionea haya. Mwaka juzi mhariri mkuu alimsomea mkurugenzi wa maji, kwa simu, habari ya visima vichafu kabla haijachapwa. Ilitoka imeng'olewa meno yote, na mtumishi wa maabara ya maji aliyeivujisha akahamishiwa stoo. Watu walijua. Muuza magazeti wa pale nje humchokoza Mama Nukta kila asubuhi:

"Mama, gazeti lenu naamini tarehe tu. Nayo naihakiki kwenye simu."

"Afadhali wewe, mwanangu. Mimi ndiye ninayeisahihisha na bado nina wasiwasi nayo."

Kwa hiyo mpima maji mmoja, baba wa watoto watatu, alipopata vipimo vibaya vya kisima namba nne, hakumwendea mhariri. Alimtafuta Mama Nukta. Mpima maji huyo aliwahi kulalamikia tarakimu moja iliyokosewa gazetini, na Mama huyu aliirekebisha, kisha akampigia kumwomba radhi. Wakaweka kwenye simu zao programu ya ujumbe uliofungwa kiasi kwamba hata kampuni inayousafirisha haiwezi kuusoma. Walikutana ana kwa ana kulinganisha tarakimu sitini ambazo programu hiyo hutoa kuthibitisha kwamba hakuna mtu wa tatu katikati. Mama Nukta alizisoma zote, kisha akataka zisomwe tena kuanzia mwisho. Ujumbe ulikuwa salama. Kilichobaki ni binadamu.

Alasiri moja simu ya Mama Nukta ililia tukiwa katikati ya ukurasa wa michezo. Akaifungua, na mazoea ya miaka kumi na tisa yakamtangulia:

"Karatasi za kisima namba nne ninazo koma mkuu wangu hajui nukta."

Mhariri mkuu alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake mkononi.

"Kisima gani hicho?"

"Barua ya msomaji tu, mkuu," nikadakia.

Akatutazama, akaenda zake.

Mama Nukta alishika kichwa. "Nimemponza baba wa watu."

"Nyamaza tu. Jina hukulitaja."

"Wanaopima kisima hicho ni wanne, ndugu yangu. Unadhani atashindwa kuhesabu mpaka nne?"

Nilisisitiza anyamaze. Nilijiambia kwamba nilikuwa namlinda mpima maji, lakini nadhani nilikuwa nalinda kiti changu. Yeye hakunisikiliza. Alimwandikia palepale: alichokisoma, neno kwa neno, na nani alisikia.

Jibu lilichukua saa nzima. Safari hii alinipa simu nisome mwenyewe: "Mama, mwenzangu wa stoo alijua amefichuliwa siku aliyopewa barua ya uhamisho. Mimi umeniambia mapema. Nipe mpaka kesho."

Usiku huohuo mpima maji aliwaeleza wenzake watatu wa maabara. Kumbe kila mmoja alikuwa amepata vipimo vilevile na kuvikalia kimya, akidhani yuko peke yake. Asubuhi karatasi ilifika mezani kwetu ikiwa na saini nne.

Mama Nukta aliibeba moja kwa moja hadi kwa mhariri mkuu. Nilimfuata, nimeshika kalamu kana kwamba kuna cha kusahihisha.

"Mkuu, jana ulisikia. Umeshampigia mkurugenzi?"

"Nilishika simu. Nikaiweka."

"Kwa nini?"

"Binti yangu aliniuliza kama maji yetu ni salama. Nikamwambia asome gazeti. Akacheka, Mama. Alicheka mpaka akakaa chini."

Habari ilitoka ukurasa wa kwanza, na majina manne chini yake, bila mtu yeyote kusomewa kwanza. Mkurugenzi aliwaita wote wanne. Mmoja angeweza kumpeleka stoo. Maabara nzima asingeweza. Kisima kikafungwa ili kisafishwe, na Jumatatu mpima maji alikuwa kazini kwake kama kawaida.

Nilimwambia Mama Nukta kwamba bado sijui kama mhariri alisukumwa na dhamiri au na hofu kwamba saini zile zingekwenda kwa gazeti jingine.

"Wewe na shahada yako!" akanijibu, akivuta ukurasa uliofuata. "Mtu ameshika simu, akaiweka. Kwa leo inatosha. Kesho tutamwangalia tena."