Kompyuta Iliyojizima Nyumbani Tu

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, nayo ni siku niliyotumwa jikoni. Usicheke. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, fundi wa kompyuta pale Makambako, na kama kulikuwa na neno lililonichoma wakati ule, ni hilo la jikoni. Wateja wakiingia dukani walinipita kama nilikuwa kiti, wakamtafuta fundi. Nikiwaambia fundi ni mimi, walitabasamu wakauliza mzee amekwenda wapi.

Mzee waliyemtaka alikuwa Mzee Sefu, mwenye duka na mwalimu wangu. Alitoka Kigoma akiwa dereva wa malori, Makambako ikamshika kama inavyowashika wengi, akaacha usukani akaanza kutengeneza redio, baadaye televisheni, na kompyuta zilipokuja akazipokea nazo. Maneno yake yalikuwa machache. Alikuwa na tabia ya kukitazama kitu kibovu muda mrefu bila kukigusa, na mimi damu ikinichemka nilimwona mzembe. Leo nafanya vilevile, na vijana wangu wananiona mzembe. Dunia ni duara.

Basi kulikuwa na kijana wa Njombe mjini, mtaa wa Ramadhani, jina lake Festo, akiishi na mama yake mjane. Kaka yake mkubwa, Osmundi, alikuwa na kazi Dar es Salaam. Huyo Osmundi alijinyima, akamnunulia mdogo wake kompyuta ya kuchezea gemu, iliyokwisha tumika lakini yenye nguvu, akaituma kwa basi. Festo akaiweka sebuleni, vijana wa mtaa wakawa wanakuja kucheza mpira na mbio za magari kwa kulipia. Ikawa ndiyo kazi yake.

Mashine ile ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ukitazama filamu siku nzima, haina neno. Ukifungua gemu zito, lenye picha nyingi zinazokimbia, baada ya muda kioo kinakuwa cheusi na mashine inajizima yenyewe. Mchezo umenoga, watu wanakaribia kufungana, mara giza. Wateja wakaanza kupungua.

Akatuletea Makambako. Tukaiendesha na gemu hilohilo tangu asubuhi hadi adhuhuri, haikutetereka. Nikasafisha feni, nikapaka dawa mpya ya kupozea, nikamrudishia. Wiki haikuisha, kijana huyo mlangoni. Nikabadilisha pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme, maana kadi ya picha ikifanya kazi nzito hula umeme mwingi, na kisanduku kikiwa dhaifu mashine huzima namna hiyohiyo. Nikapiga na Windows upya, ule mfumo unaoiendesha mashine, kwa hasira tu. Dukani ikawa nzima kama mwanzo. Nyumbani ikazima kama mwanzo.

Mara ya tatu, miezi mingi baadaye, Festo alikuja mikono mitupu. Alikuwa ameshapata jibu lake: kaka yake alimdanganya. Alikuwa amempigia simu akamwambia, "Umenitupia takataka za Dar." Osmundi akamjibu, "Basi usinipigie tena." Tangu hapo hawakusemezana. Krismasi ilikuwa imepita bila Osmundi kupanda Njombe, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona, na mama yao alikuwa amemwekea chakula chake hadi kikalala. Festo alitusimulia hayo kwa sauti ya mshindi, lakini macho yake yalikuwa ya mtu aliyeshindwa. Nilimhurumia, ingawa alikuwa ametoka kuniita fundi wa kubahatisha.

Mzee Sefu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Safari hii hatuifungui. Tunakwenda kuiona inakoishi."

Ilikuwa Juni, na Njombe ya Juni unaijua, ukungu mpaka saa nne na baridi inayouma masikio. Tukiwa kwenye basi nilimuuliza Festo kama mashine hupata joto. Akacheka. "Dada, joto litoke wapi Njombe hii?" Na ukweli nami nilikuwa nimelifuta wazo hilo zamani. Nani anatafuta joto mahali ambapo watu wanalala na masweta?

Mama Osmundi alitupokea mlangoni kwa "Kamwene", salamu ya kwao, akatushika mikono kwa mikono yake miwili, akatukalisha. Sebule yake ilikuwa imevishwa. Makochi yalikuwa na vitambaa vyeupe vya kufuma, redio ilikuwa na chake, chupa ya chai ilikuwa na kofia. Na pembeni, kompyuta ya gemu ilikuwa imevaa koti. Koti kabisa, mwanangu, la uzi mzito wa sufu, limefumwa kwa kipimo, limefunika juu, ubavuni na nyuma, likaacha mbele tu kwenye kitufe cha kuwashia. Kila mashine ilipokuja kwetu, mama alilivua akalifua, na iliporudi akaivisha. Festo hakuliona kwa sababu alizaliwa katikati ya vitambaa vile.

Nilifungua gemu, nikaweka pembeni ya kioo namba za joto la kadi ya picha. Zikapanda, zikapanda, mashine ikazima. Nikapitisha mkono nyuma, chini ya sufu. Nusura niungue. Feni zilikuwa zikisukuma hewa ya moto, koti likiirudisha ndani.

Mwanangu, unajua raha ya kuupata ugonjwa uliokushinda mara mbili? Na mbele yangu alikuwa amekaa yule aliyeniita fundi wa kubahatisha. Nikavuta pumzi nitangaze. Mzee Sefu akanigusa kiwiko.

"Binti," akasema kwa upole, "nenda kamsaidie mama na chai."

Nilitamani kumrushia bisibisi. Mwalimu wangu mwenyewe, ananituma jikoni mbele ya mteja, dakika ya ushindi wangu. Lakini mkubwa akikutuma unakwenda. Nikaenda nimevimba kama andazi.

Mama Osmundi alikuwa kwenye moto wa kuni, maji ya viazi yanachemka. Alinipa kigoda na kazi ya kumenya, akaanza kuzungumza bila kuulizwa, kama wanavyozungumza watu waliokaa na jambo muda mrefu peke yao. Akaniambia mashine ile ilipofika kwa basi, siku ileile alianza kuifumia. "Imetoka kwenye joto la Dar, imekuja kwenye baridi yetu. Na hapo jirani wanaranda mbao, vumbi lake linaingia mpaka kwenye chumvi. Nikasema kitu alichojinyimia Osmundi hakitaharibika mikononi mwangu." Ufumaji ule, akaniambia, ni uleule wa shali aliyombebea Osmundi akiwa mchanga.

Kiazi kilisimama mkononi mwangu. Hapo ndipo nilipojua kwa nini nimetumwa.

Kisha akaniangalia usoni. "Binti yangu, wewe ndiye fundi. Niambie ukweli. Osmundi alimpa mdogo wake kitu kibovu?"

Sikuwa na pa kukimbilia. Ulimi hauna mfupa, lakini siku hiyo wangu ulikuwa mzito kama mawe.

"Hapana, mama," nikasema. "Mashine ni nzima. Alitoa kitu kizuri. Ila ikifanya kazi kubwa inatoa joto jingi, na joto lazima litokee nyuma. Sisi tuliirudisha hapa mara mbili, hatukukuambia neno wala hatukuuliza inakaaje. Hilo ni kosa letu mafundi."

Alichochea moto. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni koti langu."

"Ndiyo, mama."

Akafuta machozi kwa ncha ya kitenge, labda ni moshi, sikumuuliza. Nikasogeza kigoda karibu naye, tukamenya viazi pamoja mpaka vikaisha. Sikuwahi kumenya viazi taratibu namna ile. Aliponyanyuka, alinyanyuka mwenyewe, akaenda sebuleni, akalivua lile koti kwa mikono yake, akalikunja vizuri.

"Festo," akasema, "mpigie kaka yako."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie mashine yake ni nzima. Mengine nitamwambia mwenyewe."

Festo aliangalia koti, akaangalia mashine, akamwangalia mama yake, akaelewa. Alitoka nje na simu, akakaa kwenye ukungu muda mrefu hata chai ikapoa. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, akampa mama simu kwa mikono miwili. "Osmundi anakutaka, mama."

Njiani kurudi Makambako nilimuuliza Mzee Sefu kwa nini hakusema yeye. "Ungesema pale sebuleni," akaniambia, "ungekuwa umesema ukweli uleule. Lakini Festo alishazoea kutafuta wa kulaumu. Angemwacha kaka akamgeukia mama, na mama angebaki na aibu mbele ya wageni. Ulitaka kutengeneza kompyuta au kumshinda kijana?"

Jibu alikuwa nalo.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hii. Kitu kikikushinda, kifuate kinakoishi, na usifute sababu yoyote eti kwa kuwa kwenu haiwezekani. Binadamu naye ni hivyohivyo. Anayekujibu "sijambo" akiwa amekaa kitini hujamjua bado, mtazame akiwa amebeba mzigo. Lakini ukishaupata ukweli, usiurushe. Jiulize utamwangukia nani, na nani atakuwa karibu naye. Sikuambii uufiche, mficha maradhi kifo humuumbua. Nakuambia ukaupeleke wewe mwenyewe, karibu, kwa sauti ya chini, ukianza na sehemu yako ya kosa, kisha usikimbie. Kaa naye mpaka anyanyuke.

Na kama una ndugu mliyenyamaziana, usingoje ijulikane kosa ni la nani. Mama yule alimpata mwanawe Krismasi iliyofuata, nami nilialikwa, lakini ile iliyopita hakuna fundi aliyeweza kumrudishia.

Mungu akupe jicho la subira na ulimi unaojua saa yake. Nyumba utakazoingia zikufungulie mlango kwa furaha, na utakapotoka uwaache watu wake wakiitana kwa upendo. Nenda, mwanangu, baraka zangu unazo.