Nyonga ya Mama Haikusoma Kitabu

Nakumbuka siku moja ya msimu wa mpunga kule kijijini kwetu Mkongo, mwanangu, siku niliyokataa kunyamaza mbele ya wakubwa.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, mitumba imejaa soko la Bungu, nami nasomea udaktari Dar es Salaam. Mama, mjane, hakuweza tena kukaa kwenye dungu, kile kichanja cha miti tunachopanda kufukuza ndege mpungani. Akikaa kidogo tu, maumivu yanaanzia takoni yanashuka mguu mzima. Hospitali walipiga picha ya mgongo, wakasema haumwi. Ami yangu, mdogo wa marehemu baba, akaitisha kikao cha ukoo.

"Mchagua jembe si mkulima, shemeji, na wewe sasa unachagua dungu," alisema. "Shamba nitampa mwenye makalio ya kulikalia."

Watu wakacheka. Mama akainamisha kichwa.

Mimi sikucheka. Chuoni, katika maiti tuliyojifunzia, nilikuwa nimeona mshipa mkubwa wa fahamu uendao mguuni umegawanyika, tawi moja likipenya katikati ya msuli ulio ndani ya tako. Kitabu kiliuchora wote ukipita chini ya msuli. Mwalimu akaniambia nichore cha kitabuni. Nikachora nilichokiona. Alinikata alama, sijajuta.

Nikamlaza mama chali mkekani, nikaukunja mguu, nikazungusha paja kwa ndani. Akanikamata mkono. "Hapo hapo, baba. Taratibu."

"Ami, hapa panabanwa. Huenda mshipa wake umepita njia yake, huenda msuli umekaza tu. Siwezi kumpasua nijue. Lakini haigizi."

"Umekuja na chuo chako kutufundisha?"

"Nimekuja kwa mama yangu."

Nikaenda shambani nikang'oa miti ya kukalia ya dungu, mahali pake nikasuka kamba kama za kitanda, zisimbane. Ami hakunisemesha mpaka mavuno. Mama alirudi dunguni, na mavuno yenyewe aliyavuna yeye, shambani kwake. Maumivu yalipungua polepole; kwisha, hayakuisha.

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, mwanangu. Sasa nawe unaingia kazi hii ya tiba; ukishika sindano, dunga juu, upande wa nje wa tako, kwa kuwa hujui mshipa wa huyu umepita wapi. Mwili usipofanana na mchoro, tilia shaka mchoro. Mkubwa akisema mtu haumwi, muulize amejuaje. Watakuita mkaidi. Itika.

Mungu akupe ulimi usiotetemeka, na mkono mwepesi kwa mwenye maumivu.