Majivu kwenye Gari Jeusi

Shule nilisoma kidogo, lakini jina la mtu nikilisikia mara moja halinitoki. La fundi ninalo, la mwenye gari ninalo mpaka la baba yake. Siyaandiki. Kosa lilikuwa langu na wao nisiwaingize.

Mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa kwanza, ni dereva wa mfanyabiashara wa alizeti huko Katesh. Kazi hiyo aliipata baada ya kukaa nyumbani muda mrefu, mpaka nikawa naogopa kumuuliza habari. Alikuwa na mwezi wa pili tu kazini pale tajiri wake alipomtuma kumfikisha mgeni Mbulu mjini. Akamruhusu alale kwangu Tlawi, ila kesho yake, Jumamosi, kabla jua halijazama, gari liwe nyumbani. Gari lilikuwa jeusi, jipya kwa yule tajiri, na alikuwa akilipenda kama ndama wa kwanza.

Usiku ule alifika mvua ikinyesha. Alfajiri nikatoka nikalikuta limejaa tope letu jekundu hadi madirishani. Mjukuu bado amelala. Nikasema moyoni, mjukuu haondoki na tope la kwangu, watu watasema huko anakotoka hakuna mwenyewe.

Mimi maisha yangu yote nimesugua sufuria kwa majivu. Zinang'aa, jirani huja kujitazama humo. Basi nikachota majivu jikoni, nikaloweka gunzi la mahindi, nikasugua lile gari kwa duara, taratibu, kwa upendo wote nilionao. Karibu na kitasa cha mlango palikuwa na tope limegoma. Nikachuma jani la msasa, lile tunalolainishia vigoda, nikalikwangua tope nalo. Nikamwagia maji. Likawa zuri, na mimi nikaingia ndani kupika uji naimba.

Jua lilipopanda nikasikia kimya. Kimya cha mtu aliyesimama. Nikatoka.

"Bibi," mjukuu alisema, "hili gari umelifanya nini?"

Nikatazama. Mgongo wote wa gari, boneti, milango, ulikuwa na viduara juu ya viduara, kama buibui elfu wamelala hapo. Kila jua lilipogusa, viliwaka.

"Nimelisafisha kwa majivu," nikasema.

Alikaa chini kwenye majani mabichi na suruali yake ya kazi. Hakunifokea. Angefoka ningepumua. Alisema tu, "Kazi imekwisha." Halafu akafikiri, akasema, "Nitamwambia ni miiba. Nitasema yule mgeni niliyemleta alitaka tupitie Yaeda Chini, njia ikatukwaruza."

Nilivaa viatu, nikachukua kanga yangu, nikaingia kwenye gari kabla hajaniambia nibaki.

Mbulu mjini kuna fundi wa rangi mwenye mashine ya kupiga polishi. Alitusalimu, "Shikamoo bibi," nikaitikia marahaba, akalizunguka gari huku amefunga mikono nyuma.

"Hili limeoshwa na nani? Na mbuzi?"

"Ni miiba," mjukuu akasema haraka. "Ya Yaeda."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mdogo wangu, mwiba unachora mstari, unakwenda zake. Mwiba gani huu unaozunguka kama mtu anasonga ugali? Hata tajiri wako ataona. Hapa pamepita mkono."

Mjukuu akaniangalia, mimi nikaangalia viatu vyangu. Uongo wetu ulikuwa haujafika hata Dongobesh, hapo tu njia ya Katesh.

Nikasema, "Ni mkono wangu. Na majivu."

Fundi aliacha kucheka. "Basi tusipoteze muda, bibi."

Akaliosha upya kwa maji mengi, akabandika tepu kwenye mipira ya madirisha, akadondosha polishi nyeupe kama maziwa ya mgando. Mashine yake ina sifongo la duara linalozunguka. Ilipoanza kulia nilishika kifua. Huyu naye anasugua kwa duara! Nikamwambia, "Mwanangu, si ndivyo nilivyoharibu?"

"Ndivyo, ila majivu yako yana mchanga," alisema bila kusimama. "Mimi siongezi kitu hapa. Napunguza. Rangi ya juu naishusha kidogo kidogo mpaka mkwaruzo ukose pa kukaa. Nikikaa mahali pamoja sana, rangi inaungua, na hapo hata mimi sina dawa."

Heri angeniacha bila kujua. Tangu hapo kila mashine ilipochelewa mahali nilisogea. Yeye alikuwa akigusa bati kwa mgongo wa mkono, kusikia joto, kama unavyogusa mtoto mwenye homa.

Boneti ilikuwa nusu umeme ulipokatika. Nusu moja ningeweza kusuka nywele nikijitazama, nusu nyingine buibui wangu. Tukakaa. Mjukuu aliangalia simu, aliangalia jua. Mimi niliomba, kisha nikaona aibu kumsumbua Mungu kwa ajili ya gari, kisha nikaomba tena.

"Bibi, usitembee mbele yangu hivyo," fundi alisema. "Hata umeme ukirudi utakuogopa."

Ulirudi saa saba. Alifanya kila upande mara mbili, polishi nzito kwanza, kisha nyepesi, akimulika kwa tochi. Buibui wakafa wote. Kasoro moja. Karibu na kitasa akapitisha ukucha, ukakwama.

"Mkwaruzo huu umeshuka mpaka ndani. Ukucha ukikwama, mashine haitoi. Nikilazimisha nitatoboa."

Ilikuwa kazi ya lile jani la msasa.

Mjukuu akasema, "Huu mmoja unaweza kuwa mwiba."

"Unaweza," nikasema. "Lakini mimi nakwenda Katesh."

Kwetu ukikosea kitu cha mtu unasimama mlangoni kwake wewe mwenyewe. Hutumi mtoto. Njia nzima sikuegemea kiti. Nilikuwa nikijiuliza, nikifungua mdomo pale, huyu kijana atarudi nyumbani, na nani atampa kazi tena? Na nikinyamaza, je?

Tulifika jua limeinamia mlima Hanang. Huko chini mvua ilikuwa haijafika, vumbi lilikuwa limelifunika gari lote, jeusi limekuwa la udongo. Tajiri akatoka, mtu mzima mwenye mvi kidogo. Akaniamkia, akashangaa.

"Baba, gari lako nimelikwaruza mimi," nikasema kabla sijakaribishwa. "Ngoja nikuonyeshe." Nikashika ncha ya kanga nifute vumbi pale kwenye kitasa.

"Usifute!" wote wawili walipiga kelele pamoja.

Mkono ukabaki hewani. Mjukuu alikimbia akaleta maji, akamwagia pole pole, na mkwaruzo ukaonekana. Tajiri akapitisha ukucha. Ukakwama. Nikamweleza yote: tope, gunzi, majivu, jani, fundi. Aliendelea kupitisha ukucha pale pale, mbele, nyuma.

"Wewe ulitaka kuniambia nini?" akamuuliza mjukuu wangu.

Mjukuu aliweka maji chini. "Miiba," akasema.

Nilifumba macho.

Nilisikia kuku, nilisikia mtu anapasua kuni nyumba ya pili.

"Hiyo ya miiba tutaongea," tajiri akasema mwishoni. "Jumatatu uje kazini saa kumi na mbili, kama kawaida. Na gari lioshwe na wewe, si mtu mwingine." Kisha akanigeukia. "Bibi, ingia ndani. Umesimama sana."

Nikavua viatu mlangoni, nikaingia.