Mstari Mweusi Shingoni

Mvua za El Nino zilipoikata barabara na Mto Tana ukaingia mjini, tajiri wangu, Muhindi mwenye duka la vifaa vya ujenzi hapa Garissa, alipoteza kila picha ya marehemu mkewe iliyopigwa kwa kamera. Zilioza ndani ya sanduku, zikagandamana. Zilizonusurika ni zile alizochora mwenyewe, kwa kuwa zilitundikwa juu, karibu na dari.

Hakuna aliyemfundisha kuchora. Kila tulipofunga duka adhuhuri, alichukua vipande vya plaiwudi na rangi iliyobaki makoponi, akawachora watu wake. Walikuwa warefu kuliko nyumba, wote wakitazama mbele, na vidole hakuvihesabu. Katika picha moja wanawake wenye sari walizunguka sufuria za harusi, wamejaa hadi ukingoni mwa plaiwudi. Katika nyingine vijana walipanga foleni kupanda ndege, na msichana mmoja amevaa suruali huku bibi yake amefumba macho. Katika ya mwisho mkewe alikaa mezani peke yake, mbele yake sahani nane tupu.

"Warya, huyu nani?" aliniuliza siku moja, akiniita kwa Kisomali kama kawaida yake, akinionyesha mtu mwenye tumbo kama pipa.

"Ni wewe, tajiri. Lakini tumbo umelipunguza."

Alicheka mpaka akakohoa.

Baada ya mafuriko alifunga duka, akaenda Nairobi kutafuta nyumba. Picha alinikabidhi mimi, zimeshonewa ndani ya gunia. "Weka kwako, nitarudi kuzichukua. Mke wangu yuko humo."

Laiti ningeliacha gunia lilivyo. Mama mkwe alikuja kutoka Masalani, akalibonyeza, akauliza lina nini. Nikamwambia.

"Una picha za watu nyumbani, na unaswali humu humu?"

Nilikuwa nimesikia kwamba kiumbe aliyechorwa, akitengwa kichwa na mwili, si kiumbe tena. Msikiti ulikuwa ng'ambo ya barabara, na sikwenda kuuliza. Nilifumua gunia, nikachovya brashi katika rangi nyeusi, nikampiga kila mtu mstari shingoni mama mkwe akitazama, nami nikingoja sifa. Akanisifu. Baadaye sana shekhe aliniambia kwamba ilifaa nimrudishie mwenyewe, au nimtafutie mtu mwingine wa kumwekea. Amana ya mtu haiguswi.

Tajiri alirudi baada ya miezi mitatu. Alizitoa moja moja uani, akaziegemeza ukutani, akasimama.

"Nani amewachinja hawa?"

"Mimi, tajiri. Lakini nitasafisha."

Nikakimbilia tepentaini na kitambaa. Nilianza na mkewe. Mstari ulitoka, ukatoka na kidevu, na nilipozidi kusugua, ukatoka na mdomo.

Akanishika mkono. "Basi, warya. Usinisaidie tena."

Alizipakia zote kwenye lori, ila hiyo ya mkewe aliingia nayo mbele, akaiweka magotini. Nilitaka kumwomba msamaha. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni, na mimi niliona haya kumwomba Muhindi msamaha mbele yake. Nilisema tu, "Safari njema, tajiri."

Alifariki Nairobi kabla ya mwaka kwisha. Hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.