Siku Niliyomwinua Sista Mbele ya Askofu

Niliruka benchi kanisani, ndala moja ikanitoka, nikamkamata kwapani sista aliyelala kifudifudi mbele ya altare, nikaanza kumvuta. Askofu anaangalia. Kwaya inaangalia. Mimi hapo na kanzu yangu, mtu wa msikitini, mara ya kwanza maishani kuingia kwenye misa. Bora niseme mwenyewe, maana pale gereji kwetu Chuno wameshaanza kusimulia kwa kutia chumvi.

Sista mwenyewe ni mpwa wangu. Dada yangu aliolewa na Mkristo, mume akafa mtoto bado anatambaa, wakarudi kwangu kijijini Mpapura. Nimemlea mimi. Shule niliiachia kidato cha pili, kwa hiyo hesabu hakuzipata kwangu. Nilimfundisha kuokota korosho na kurudisha mnyororo wa baiskeli. Na kwetu Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Mtoto haozwi, hapelekwi popote, mpaka njomba, kama tunavyotamka huku, afungue mdomo.

Basi dada akaniambia, "Kaka, mtoto anaweka nadhiri za daima. Hapo ndiyo basi, harudi nyuma. Misa ikiisha, kwenye chakula, utasimama useme tunamtoa."

Nikasema sawa. Moyoni haikuwa sawa. Usista nilishauzoea. Kilichonikaba ni kwamba baada ya nadhiri anavuka Ruvuma, anakwenda Msumbiji kukaa na akina mama waliokimbia vita. Jirani yangu pale Magomeni, mtaani ninakokaa sasa, alitoka hukohuko, na mpaka leo anatembea na ufunguo wa nyumba iliyochomwa, kaufunga kwenye pindo la kanga.

Nikamwambia mpwa wangu, "Si ufundishe chekechea hapahapa Chuno? Watoto wapo kibao, na watukutu."

Akacheka. "Njomba, akina mama wale hawako Chuno."

"Na nikikataa kulisema hilo neno?"

Hakucheka tena. "Nadhiri nitaweka. Ila nitavuka na donge hapa." Akashika koo.

Nikaenda kanisani neno sijalipata. Jumamosi familia zilikuwa zimeitwa kuelezwa mambo yatakavyokwenda. Mimi nilikuwa chini ya bajaji ya mtu. Kwa hiyo masista wale walipolala chini wote kwa pamoja, pua kwenye marumaru, nilimgeukia fundi mwenzangu niliyekuja naye. Naye wa msikitini kama mimi. Kakodoa macho tu.

Likaja shuka jeupe, wakafunikwa. Kwaya ikaanza kuita majina ya watakatifu waliokufa zamani, watu wanaitikia, watuombee. Jamani, kwetu shuka jeupe juu ya mtu aliyelala kimya lina maana moja. Na kwenye pindo la shuka zilitokeza nyayo ninazozijua, kidole gumba kina kovu la jembe. Sikumbuki nilivyoruka. Nakumbuka nimeshamshika kwapa.

"Njomba," sauti ikatoka chini ya shuka, "sijafa. Niache nilale."

Kuna mtu alicheka, akajifanya anakohoa. Askofu akainama taratibu. "Mzee, mwache. Atainuka."

Sista mmoja mtu mzima akanishika mkono, akaniketisha pembeni yake.

"Anajitoa mzimamzima kwa Mungu," akaninong'oneza. "Ndiyo maana wanalala hivyo. Halafu wanainuka."

"Na kule ng'ambo akianguka?"

Nilitegemea anipoze. Akaniangalia vizuri. "Kule sikudanganyi. Mimi nimetoka huko. Nimemzika mwenzangu huko." Akarudi kuimba.

Hapo nilishtuka kuliko pale kwenye shuka. Siku zote nilidhani hawa watu wamemficha mtoto wangu mambo. Kumbe yote anayajua, na bado kalala.

Majina yakaisha, shuka likaondolewa. Aliinuka na alama ya marumaru kwenye paji la uso, na kabla hajamwangalia askofu, akanitafuta mimi kwa macho.

Kwenye chakula, chini ya turubai, watu walianza kucheka hata kipaza sauti sijakishika. Dada mmoja wa kwaya akaniletea ndala yangu kwenye mfuko, kwa heshima zote, kama zawadi. Nikasimama nayo hivyohivyo.

"Mimi ndiye yule," nikasema. Wakacheka mpaka sahani zikatikisika. Nikangoja wamalize.

"Huyu tunamtoa." "Ila huko aendako, akianguka, nawaomba aliye karibu amwinue. Mimi nitakuwa mbali."

Mpwa wangu akaja mbio na vazi lake jipya, akapiga goti mbele yangu.

Tukaondoka, fundi mwenzangu anaendesha pikipiki, mimi nyuma na mfuko wangu. Karibu na Magomeni nikamuuliza, "Hivi huyu mtoto, moyo wa kuvuka mto kuwafuata watu asiowajua kautoa wapi?"

Akapunguza mwendo, akageuza shingo. "Wewe bwana umeruka benchi na kanzu, mbele ya askofu, kumwinua mtu ambaye hata hajaanguka. Halafu unaniuliza mimi?"