Jina Nililolitaja

Jumanne. Mawingu tangu alfajiri, na upepo hautulii. Jirani anapulizia mikorosho yake dawa ya salfa, harufu imeingia hadi kwenye mashuka.

Harufu ilikuwa hii hii siku ile, nikiwa bado mwanafunzi, wasichana wa darasa letu walipoanza kuanguka. Alianza mmoja akipiga kelele, wakafuata wengine, nami nikaanguka. Mpaka leo sijui kama nilianguka au nilijiangusha. Naandika yote mawili ili nisimwonee mtu. Mwalimu akaniinamia, "Unamwona nani anayewaroga? Mtaje!" Macho yangu yalikuwa kwenye uzio, alipokaa bibi aliyetuuzia mihogo ya kuchemsha. Nikasema, "Bibi wa mihogo." Wenzangu nao wakamtaja yeye.

Kabla ya adhuhuri watu walishabomoa nyumba yake. Wakamleta mbele yangu, kanga imechanika.

"Mjukuu wangu, mimi huyu? Si jana tu nimekuongezea kipande?"

Nikafumba macho. Hakuonekana tena kijijini.

Labda ilikuwa salfa. Labda siyo, mimi si mtaalamu.

Leo binti yangu katoka shule mapema, anahema. "Mama, wameanguka saba! Ni yule mama anayetuuzia barafu, kawatupia majini."

"Nani kasema?"

"Wote. Hata mimi nimesema."

Nikatoka nje kuanua mashuka.

Jioni tumekula ugali wa muhogo na kisamvu. Binti yangu alikula vizuri, akaomba kuongezewa. Nikamwongezea.