Injini ya Baba, Kitanda cha Mama

Kaka yangu mtaani wanamwita Taratibu, na wala hakasiriki. Ni fundi wa magari ambaye hajawahi kumkabidhi mtu gari siku aliyoahidi, na bado watu humrudia, kwa sababu gari likitoka mikononi mwake limepona. Ana miaka hamsini na miwili. Kumi na mmoja kati ya hiyo imemwishia katika nyumba hii, akilala kwenye chumba kilichokuwa cha kuwekea magunia. Alikuja kwa wiki mbili tu, Mama alipopooza upande wa kulia.

Mimi ni mdogo wake. Nashona nguo barazani, na nilirudi nyumbani baada ya ndoa kunishinda. Hilo nalisema mapema nisije nikaulizwa.

Jambo moja lieleweke kwanza: Mama hanyanyuliki na mtu mmoja. Mwili wake umelegea, ukimshika huku anateleza kule. Asubuhi, mchana na jioni kaka anamshika mabegani, mimi miguuni, tunahesabu moja mbili tatu, tunamweka kwenye kiti, kisha baadaye tunamrudisha. Kwa hiyo hakuna kati yetu anayelala nje. Nikienda kununua uzi, namwambia kaka nitarudi saa ngapi, na yeye akiitwa kwenye gari la mtu ananiambia hivyo hivyo. Kila mmoja wetu alikuwa askari jela wa mwenzake.

Basi mwaka huu kaka akapata nafasi. Bwana mmoja mwenye karakana ya magari ya zamani, katika mji ulio mwendo wa siku nzima kutoka hapa, alisikia sifa zake akaja kumwona. Uani akalikuta gari la marehemu Baba chini ya kibanda cha bati, limelalia rimu, miaka kumi na tisa halijaguswa. Kuku walikuwa wanataga kwenye kiti cha nyuma. Yule bwana akalizunguka mara mbili, akasema, "Ukija nalo likitembea lenyewe kabla mwezi haujaisha, kazi ni yako. Na chumba cha kulala kipo."

Jioni kaka alikuwa ananisaidia kumgeuza Mama. "Kesho nalifungua," akasema.

Nilicheka. Miaka kumi na tisa, litawaka wapi? Siku hiyo nililala usingizi wangu vizuri kabisa.

Kaka ana utaratibu wake. Hagusi spana kabla hajauliza maswali, na injini anaiita "huyu", kama mgonjwa. Alikwenda kukaa kando ya kitanda, akamwuliza Mama, "Siku ya mwisho Baba alipomwendesha huyu, alikuwa analiaje?"

Mama, ambaye maneno humtoka kwa shida, akafikiri. "Lilikohoa," akasema. "Halafu likanyamaza. Baba yako akalitukana."

"Alilitukanaje?"

"Siwezi kukwambia. Mimi ni mama yako."

Gari likikohoa, mafuta hayafiki, akaanzia hapo. Tangi lilitoa vikombe vitatu vya kutu. Ndani ya kabureta petroli ya zamani ilikuwa imeganda kama gundi, akaizibua vitundu vyake kwa sindano zangu za kushonea, bila kuniomba. Kwenye kichujio cha hewa panya walikuwa wamehamia na familia nzima. Hayo yote yalikuwa madogo. Kubwa ni kwamba injini ilikuwa imekwama, pistoni zimeshikana na silinda kwa kutu, haigeuki hata uining'inie.

Fundi mwingine angechukua nyundo. Kaka alitoa plagi zote nne, akamimina dizeli iliyochanganywa na oili katika kila tundu, akafunika na kitambaa, akaenda kunywa chai. Kila asubuhi aliongeza kidogo, akashika puli, lile gurudumu la mbele ya injini, kwa spana kubwa, akasukuma mbele kidogo na nyuma kidogo. Alichora mstari mmoja wa chaki kwenye puli na mwingine kwenye injini, ukitazamana na ule wa kwanza, ili ajue kama kuna kinachosogea.

Siku ya tano mistari ile ilikuwa imeachana kwa upana wa ukucha. Aliniita nije nione. Nikaona, nikasema hongera. Akiondoka, nani atashika mabega? Na mimi nitatoka lini? Mwezi ulibakiza siku kumi na mbili.

Mimi si mtu mbaya. Lakini injini ilipoachia na yeye akafika kwenye mambo ya moto, yaani umeme wa plagi, alipanga vipuri juu ya gazeti kwa mpangilio aliovitoa, akaenda kunawa mikono, nami nikachukua rota. Ni kidude kidogo chenye ulimi wa shaba, kinazunguka na kuigawia moto kila plagi kwa zamu yake. Bila hicho injini haiwaki hata uipigie magoti. Nikakitia kwenye kopo langu la vifungo.

Alikitafuta siku mbili. Hakuuliza mtu. Alichukua chekecheke la jikoni, akawa anachekecha mchanga wa ua kiganja kwa kiganja, kutoka kwenye kibanda hadi kizingitini. Siku ya pili mchana nilimwona amejishika kiuno, amepiga magoti na hawezi kusimama. Nikashindwa. Nikampelekea ile rota, nikamwambia nimeiona chini ya cherehani, labda kuku ndio walioisukuma.

Akaitazama. Kwenye ulimi wa shaba palikuwa pamenasa uzi mwekundu.

"Asante, mdogo wangu," akasema, basi. Afadhali angenizaba kibao.

Jioni ile alirudisha vipuri vyote mahali pake, akafunga betri mpya, ila hakujaribu kuliwasha, na kesho yake hakulisogelea gari. Alichukua futi kamba yangu, akaingia chumbani kwa Mama, akapima kitanda, akapima urefu wa ukuta, akapanda darini kugonga mbao moja moja.

"Unanipimia nini?" Mama akauliza. "Jeneza?"

"Tulia, Mama. Bado tunakuhitaji."

Siku nne alikata na kuchomelea. Alipomaliza, juu ya kitanda kulikuwa na reli ya chuma, na kwenye reli winchi ya mnyororo, ile wanayonyanyulia injini. Chini yake ulining'inia mkoba mpana wa turubai wenye mikanda, mishono mitatu mitatu, ameushona kwenye cherehani yangu nilipokwenda sokoni. Na ulishonwa vizuri, jambo ambalo liliniudhi zaidi.

"Ungeniambia tu," akasema kwa upole. "Nisingeondoka nikuache na mzigo usioweza kuunyanyua. Haya, jaribu peke yako. Mimi nasimama hapa mlangoni. Ukisema huwezi, siendi."

Alikuwa anasema kweli, namjua. Masikini kaka yangu, kwa mara ya kwanza maishani alikuwa amesikia mlio akatafuta ubovu mahali usipokuwapo. Uzito wa Mama haukunitisha hata siku moja. Nilichoogopa ni kubaki. Nikamtazama, mikono ina malengelenge ya moto wa kuchomelea, nikakosa pa kuanzia kumweleza.

Nikamvingirisha Mama kwenye turubai, nikafunga mikanda, nikashika mnyororo. Nilivuta huku naomba moyoni gurudumu likwame. Halikukwama. Kaka yangu hafanyi kazi mbovu. Mama alipanda taratibu, bila kuyumba, mkono wangu mmoja ukitosha kabisa, mpaka akawa hewani kati ya kitanda na kiti, akinitazama.

"Mkoba hauumi hata kidogo," Mama akasema.

"Unaweza?" kaka akauliza kutoka mlangoni.

Neno moja tu lingetosha. Angevua kofia, angekwenda kuwarudishia kuku kiti chao cha nyuma, na tungehesabu moja mbili tatu mpaka mmoja wetu azeeke kabisa. Niliona jinsi alivyoshika fremu ya mlango.

"Naweza," nikasema.

Aliiachia ile fremu. Alikwenda uani kwa mwendo ambao sijamwona nao tangu ujana wake, na Taratibu nadhani siku ile alikimbia. Tulisikia stata ikisaga mara ya kwanza. Ikasaga mara ya pili. Mara ya tatu injini ikakohoa, ikashika, ikanguruma, na moshi mweusi ukaingia dirishani hadi nikashindwa kumwona Mama vizuri.

"Limewaka?" akauliza.

"Limewaka, Mama."

Alikuwa bado ananing'inia pale. Machozi yalikuwa yanamtoka, au moshi, mimi sikumwuliza, na yeye hakuniuliza yangu.

"Basi nishushe," akasema.

Nikamshusha, peke yangu.